Sare Iliyokataliwa Karatu

Kamati yetu ya Chesi inautangazia umma kuwa fainali imemalizika bila mshindi, na hali imedhibitiwa. Mimi ni karani wa kujitolea hapo tangu nimalize kidato cha nne, kwa hiyo naongea kama kamati.

Nafasi ya kwenda kucheza taifa, Dodoma, ni moja. Gari lina siti mbili za abiria: ya mchezaji na ya mkuu wa msafara, yaani mwenyekiti. Clemensi wa Oldeani alishika kete nyeupe. Nyeusi alishika Nanyokie wa Ngorongoro, ambaye baba yake ameshasema: ukikosa Dodoma, chesi basi, rudi kwenye ng'ombe.

Dada huyo akaweka kinga ya Sisilia. Wanaiita kinga, ila aisee, ni fujo tupu: hajilindi, anakuvamia ubavuni. Wakachinjana mpaka ubaoni wakabaki wafalme wawili. Sare. Wakapeana mikono.

Mwenyekiti wetu, mzee Patrisi, akasimama.

"Huyo Sisilia ni mgeni? Amelipia getini?"

"Ni mtindo wa kucheza tu, mzee," Nanyokie akasema.

"Mtindo wa nje, bila kibali! Halafu sare maana yake wote mmeshindwa. Nafasi inarudi kwenye kamati. Nitaenda mwenyewe."

Nikapiga makofi. Ndiyo kazi yangu.

Clemensi akacheka. "Mzee baba, kwani farasi anatembeaje?"

"Kwa idhini yangu."

Mgeni rasmi, mama Germana, alikuwa ameshikilia kombe tangu asubuhi, mikono imekufa ganzi. "Mwenyekiti, kaa hapo ucheze na huyu binti. Atakayeshinda aende."

Mzee akakaa upande wa kete nyeupe. Kwa busara ya uongozi, akamtoa mfalme mapema, maana kiongozi hukaa mbele. Nanyokie akaweka Sisilia ileile. Chai yangu haijapoa, mfalme wa mzee kazingirwa kama mtalii aliyeshuka kwenye gari katikati ya simba.

"Tuunde tume," mzee akasema.

"Mfalme ameshakufa, mzee. Tume ya mazishi?" Clemensi akauliza.

Mama Germana akamkabidhi Nanyokie kombe. "Wewe, Dodoma. Na wewe Patrisi, si umesema aliyeshindwa haendi? Siti yako apande Clemensi, amfanyishe mwenzake mazoezi njiani."

Kesho yake gari likagoma kuwaka. Mzee akalisukuma mpaka mteremkoni, likashika, likaenda na vijana wote wawili. Kamati inathibitisha kwamba alisukuma vizuri.