Karatasi ya Kumgeuza Mzee Kiptanui

Jumatatu, 4 Machi 1957
Mgongo unauma. Miaka saba nawanyanyua wazee katika nyumba hii ya misheni, njia ya Subukia, na sasa natembea kama mmoja wao. Sista katangaza kwamba Jumatano mkaguzi anakuja kuona tunavyowatunza, na akishaondoka atachaguliwa nyapara wa wauguzi. Nyapara hanyanyui mtu! Anavaa koti jeupe, anashika funguo, anaonyesha kwa kidole. Lazima niwe mimi. Mpinzani ni Wasike tu, naye hana akili ya kupanda cheo. Kazi yake kuwasugua wazee mafuta na kuwauliza wamelalaje.

Jumanne, 5 Machi
Sista kasema mkaguzi ataanza na karatasi zinazoning'inia vitandani. Mzee asiyejiweza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, mgongo usioze, na aliyemgeuza huandika. Ya Mzee Kiptanui, mgonjwa wangu, haijaguswa tangu Ijumaa. Aliendesha maksai wa plau huko Rongai miaka thelathini, na uzito wake ni wa plau yenyewe. Ana kidonda kiunoni. Kidogo tu.

Nikaketi, nikajaza saa zote zilizopita, kwa wino, mwandiko safi. Mkono ukashika kasi, nikajaza na kesho nzima. Ngoja ngoja huumiza matumbo! Wasike akapita, akauliza kama nimemgeuza mzee. Nikamwambia asome. Akasoma, akaguna, akaenda kumgeuza mwenyewe. Hakuandika chochote. Mjinga wa mwisho.

Jumatano, 6 Machi
Aibu. Aibu tupu.

Mkaguzi ni Bwana Obura, kaptura ya kaki, baiskeli, saa ya mfukoni. Saa mbili asubuhi alisimama kando ya Mzee Kiptanui, akasoma karatasi yangu. Akatoa saa yake. Akasoma tena. Akamuuliza mzee kama ni kweli amegeuzwa saa kumi alasiri ya leo, na kwamba baadaye alikunywa uji wote. Mzee akatazama jua dirishani. Akajibu kwamba amechunga ng'ombe tangu utotoni na jua hilo halijakausha hata umande. Labda, akasema akininyooshea kidole, huyu Naftaly amemgeuza mtu mwingine. Wodi nzima kicheko! Bibi Wanjugu wa chumba cha pili, ambaye hajacheka tangu Krismasi, alicheka mpaka akaletewa maji.

Nikaeleza kwamba mimi hupenda kutanguliza kazi. Bwana Obura hakucheka. Alifunua shuka. Kidonda kimekua, sasa ni kiganja kizima.

Alhamisi, 7 Machi
Wasike kapewa koti. Linamfika magotini. Mimi nimepewa Mzee Kiptanui: nimgeuze mwenyewe mwezi mzima, na nisiandike kitu mpaka mzee aseme ndiyo mbele ya Wasike. Nimeomba kuhamishiwa kwenye kufua mashuka. Sista kakataa.

Jumapili, 24 Machi
Nimechoka mpaka kope. Geuza kulia, geuza kushoto, paka mafuta, mlete Wasike, mzee aseme ndiyo. Wakati mwingine hunyamaza kwanza, anafikiri, makusudi kabisa!

Lakini kidonda kimefunga. Leo aliniita, nikainama, akanitemea mate viganjani, ndiyo baraka ya wazee wa kwao. Alisema hata maksai mvivu hulima akipata wa kumwongoza. Machozi yalinilengalenga, sioni haya kuandika. Hakuna aliyewahi kunibariki katika nyumba hii. Kisha nikaenda kunawa.

Jumatatu, 8 Aprili
Adhabu imekwisha! Wasike kasema sasa ananiamini, niandike mwenyewe bila shahidi. Bwana Obura anarudi Juni, na Sista anataka nyapara wa pili.

Nimefikiri sana kuhusu kosa langu. Nimeliona. Lilikuwa wino. Wino haufutiki. Sasa natumia penseli, na raba ninayo mfukoni. Mkaguzi akiwahi, nafuta. Nimeshajaza mpaka Jumapili. Mgongo wangu umepumzika kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Mzee Kiptanui anaita tangu niketi. Anasema kiuno kinawaka moto. Ajabu. Karatasi inasema amelala.