Kibali cha Kuzomea Joka

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Ibanda, Kadutu na Bagira, mjini Bukavu, kwamba, kuanzia Jumatatu, kuzomea kitu chochote kinachoonekana kwenye skrini kutahitaji kibali chenye mihuri mitatu. Makofi yataendelea kuwa huru, mradi yasizidi kiasi.

Tangazo hilo niliandika mimi, katibu wa Tume ya Kuratibu Hisia za Watazamaji. Ulikuwa mwaka 2001. Barabara ya Kalehe haikupitika, hospitali hazikuwa na dawa, na vijijini watu walilala msituni kwa kuogopa kila aliyevaa sare. Wakuu wetu wa Goma, waliochukua mashariki kwa bunduki na kujiita wakombozi, waliona, kwa busara, kwamba lazima tuanze mahali fulani.

Tulianza na ukumbi wa video wa Hadji Ramazani, Kadutu. Hadji alikuwa amepata kutoka Kampala kanda ya filamu iliyotengenezwa kutokana na mchezo wa mezani. Mchezo huo ulijulikana na watu watano tu Bukavu. Wachezaji huketi kuzunguka meza, kila mmoja akiwa shujaa wa kubuni aliyeandikwa kwenye karatasi; mwendeshaji huwasimulia hatari, na dadu ya pande ishirini huamua nani anapona. Mwendeshaji wao alikuwa Mwalimu Colombe, anayefundisha hesabu darasa la mwisho la sekondari. Kitabu cha kanuni aliachiwa na mwalimu Mbelgiji aliyeondoka kabla ya vita. Dadu ilichongwa na seremala wa Bagira kwa pembe ya ng'ombe.

Kwa miaka saba majoka yao walikuwa wameyaona kichwani tu. Jumapili alasiri, kanuni ikiwa na siku sita, walivaa nguo za kanisani na kukaa mstari wa mbele. Hadji alitafsiri kwa sauti, kama kawaida yake. Hakujua Kiingereza, lakini hilo halikuwahi kumzuia.

Dakika ya hamsini, shujaa alichomoa upanga, akalipiga joka mara moja, likafa. Colombe alisimama akazomea. Wenzake wanne wakamfuata. Watu wengine mia moja na thelathini hawakujua kanuni hata moja, ila walikuwa hawajapata nafasi ya kuzomea kitu hadharani kwa muda mrefu, nao wakaitumia. Kisha mchawi akakalia kiti cha mfalme na kutangaza kwamba amekuja kuwakomboa wananchi. Ndivyo Hadji alivyotafsiri, angalau. Kelele zilifika kwenye kambi ya jeshi.

Kesho yake Colombe aliletwa mbele ya mwenyekiti wetu, Directeur Zagabe.

"Mulizomea nani?"

"Joka, papa," alijibu Colombe, akimwita baba kwa heshima.

"Joka ni nani?"

"Ni joka."

"Katibu, andika: anakataa kutaja jina."

Niliandika.

"Papa, unisikilize," alisema Colombe. "Ile joka iko na pointi makumi nane na nane za uhai. Upanga inatoa nane, tena ikitoa sana. Unapiga mara kumi na moja, hapo njo inakufa. Bale ba filme banapiga mara moja tu! Ni kutucheka."

"Nani alisema makumi nane na nane?"

"Kitabu."

"Kitabu iko na cachet?" Aligusa muhuri wake mezani.

"Haina."

"Basi joka haina pointi."

Ukumbi ulifungwa. Kitabu na dadu vilitwaliwa; dadu niliiandikisha kama "chombo cha pembe, pande ishirini, zimehesabiwa mara mbili." Colombe aliwekwa katika stoo yetu ya nyaraka, ambayo ina dirisha dogo lenye nondo na kufuli jipya. Mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza wiki nne.

"Batoto bangu habajamaliza hesabu ya probabilité," alisema wakati mlango ukifungwa.

"Batoto ni ba taifa," alimjibu mwenyekiti.

Ilibaki sheria. Kifungu cha sita cha kanuni zetu kinasema hoja ya mzomeaji lazima ihakikiwe kwa vitendo kabla ya adhabu. Sijui kwa nini nilikiandika. Nadhani kilikuwa na sauti nzuri. Kwa hiyo Tume ililazimika kucheza.

Colombe alitolewa stoo, akapewa kiti. Mwenyekiti alisema yeye atakuwa mfalme.

"Kila mutu anaanza ngazi ya kwanza, papa."

"Miye? Sijakuwa ngazi ya kwanza tangu mwaka sabini na ine!"

Alikubali kuwa askari mwenye farasi. Alimpa farasi huyo jina la Nyangezi, mahali alikozaliwa yeye mwenyewe. Adui wake wa kwanza alikuwa panya mkubwa. Alirusha dadu, ikatoka mbili. Panya akamng'ata.

"Ile haihesabiwe," alisema.

Niliandaa uamuzi wa kufuta mrusho huo, nikaupiga muhuri. Alirusha tena. Ikatoka moja.

"Papa Directeur," alisema Colombe kwa upole, "dadu haina mukubwa."

Mwenyekiti aliichukua dadu, akahesabu pande zake mara ya tatu. Kesho yake alifika kazini saa moja asubuhi, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu kuundwa kwa Tume.

Tulikaa vikao siku kumi na tisa mfululizo. Watu waliokuja kuomba vibali vya kusafiri waliambiwa mwenyekiti yuko pangoni. Siku ya kumi na tisa alikutana na joka. Alilipiga mara kumi na tatu. Katika pigo la tisa lilimteketeza Nyangezi, na mwenyekiti akaomba kikao kisimame dakika tano. Alipolimaliza, alitia sahihi ripoti kwamba hoja ya Colombe inahitaji uchunguzi zaidi. Hakutaka mchezo uishe. Colombe alirudishwa stoo. Mtihani ulikuwa umebakiza siku tisa.

Wiki hiyo Inspectrice Virginie, mkaguzi wetu, alikuja kutoka Goma kushuhudia mafanikio yetu. Tulifungua ukumbi kwa alasiri moja na kuonyesha filamu ileile. Nilisimama kando ya skrini na vibao vitatu: MAKOFI, HUZUNI, KIMYA. Watazamaji walitii kwa namna ya kupendeza. Mchawi alipotangaza ukombozi, niliinua MAKOFI, wakapiga. Inspectrice aliandika kitu kizuri katika daftari lake.

Kisha upanga ukachomolewa. Niliinua KIMYA. Pigo moja, joka likafa.

"Bongo! Uongo!"

Mwenyekiti alikuwa amesimama mbele ya kiti chake cha heshima.

"Bongo hiyo! Moja tu? Nyangezi yangu ilikufia nini, sasa? Uuuuu!"

Alizomea hadi akakohoa. Hakuna aliyemfuata. Watu mia moja na thelathini walikuwa wakitazama kibao changu.

"Huyu papa iko na kibali?" aliuliza Inspectrice.

"Hapana, maman."

"Kanuni inasema nini?"

Nilisoma kifungu cha nne: adhabu ni bila kujali cheo. Maneno hayo mwenyekiti mwenyewe aliyaongeza, yakimlenga daktari mmoja.

Mwenyekiti alipelekwa stoo, akakaa upande wa pili wa rafu, mkabala na Colombe. Aliomba karatasi, akaandika utetezi wa kurasa kumi na moja, wenye jedwali la mapigo. Inspectrice aliusoma wote. Uamuzi wake ni safi kisheria, na ninaunukuu: hoja za Mwalimu Colombe zimethibitishwa na mwenyekiti wa Tume, hivyo aachiliwe leo; mwenyekiti alizithibitisha bila kuagizwa na Goma, hivyo abaki.

Anaweza kukata rufaa. Rufaa husikilizwa na Tume, na Tume haiketi bila mwenyekiti. Nilimpelekea mwaliko wa kikao kupitia dirishani. Aliutia sahihi. Kwa bahati mbaya, sahihi ya mshikiliwa haina nguvu.

Asubuhi iliyofuata Colombe alikuja kuchukua kitabu chake na dadu, akiwa na chaki mkononi. Hadji alikuwa amemsindikiza, akacheka mpaka nikamwomba apunguze. Mwenyekiti aliita kutoka dirishani.

"Mwalimu. Kufungua mulango wa kufuli, kitabu inaomba ngapi?"

Colombe alifungua ukurasa. "Kumi na tano, papa."

Akampitishia dadu kati ya nondo. Tuliisikia ikiviringika kwenye saruji, kisha ikasimama.

"Ngapi?" aliuliza Hadji.

"Ine," ilijibu sauti ya ndani. "Niache nirushe tena."

"Kesho," alisema Colombe. "Leo niko na darasa."