Mjukuu wa Mayala

Redio ya asubuhi ilikuwa imetangaza kwamba riwaya ya zama za Mjerumani, inayosimulia mambo ya hapa Kharumwa, imeshinda tuzo Dar. Benchi la kahawa la Asteria likachafuka, maana Asteria alikuwa nayo na kila siku aliwasomea wateja kidogo kidogo, bure.

"Mayala wa humu kitabuni ndiye aliyeiona dhahabu kwanza," alisema, "akilima viazi."

Amosi, ambaye duara lake la kuchimbia dhahabu lilikuwa likitoa mawe matupu tangu masika, akatua kikombe. "Nikimpata mjukuu wake aniombee kwa mizimu, kila mawe yakipanda, kiroba kimoja chake."

Pantaleo, wanayemwita Karasha, kama ile mashine ya kusaga mawe, kwa jinsi mdomo wake unavyosaga chochote, moyo ulimruka. Bati lake lilivuja mpaka mkewe akahamia kwa dada yake, na ameapa harudi mpaka liezekwe upya.

"Mayala ni babu yangu!"

"Juzi babu yako alikuwa mvuvi wa Nkome," Marwa, Mkurya wa kijiweni, akamkumbusha.

"Alivua, akachoka, akalima viazi! Kuna sheria?"

"Karasha, hii ni riwaya," Asteria alicheka. "Mwandishi kabuni."

"Kabuni, halafu wakampa tuzo? Tangu lini uongo ukapewa tuzo?"

"Ungekuwa unapewa," alisema Marwa, "wewe ungejaza kabati."

Amosi hakucheka. Mtu aliyechimba akakosa huamini upesi. "Babu mzaa mama au mzaa baba?"

"Mzaa baba! Damu moja kwa moja, kweli, gete! Hii pua ni yake. Kesho mimi nakuja na kibuyu cha pombe, wewe lete beberu mweusi wa tambiko."

Wakapeana mikono. Karasha alishaanza kuchagua rangi ya bati.

"Subirini," Asteria alisema, amefika ukurasa wa mwisho. Akasoma polepole: "'Mayala akazikwa palepale shimoni, kijana ambaye hata ndevu hazijaota. Hakuwa ameoa, wala hakuacha mtoto.'"

Benchi zima likamgeukia Karasha. Marwa akamshika bega kwa upole wa msibani.

"Pole, ndugu yangu. Kumbe hujazaliwa."

Karasha akakinyoshea kitabu kidole. "Huyo mwandishi nampeleka baraza la kata! Anamuuaje babu yangu kabla hajamzaa baba?"

Amosi alikuwa ameshanyanyuka, anavaa kofia.

"Asteria, huyo mwandishi nampataje? Kama kaweza kumwekea Mayala dhahabu kwenye viazi, aje aniwekee na mimi kwenye duara. Beberu nampa yeye."