Plasta Chini ya Barakoa

Jumatano, 9 Oktoba
Sikukuu. Duka la mapazia nimefunga. Habari kubwa! Bibi Ma Ok-bun, mwenyekiti wa chama chetu cha wapanda mlima hapa sokoni Daegu, anang'atuka. Magoti. Jumapili tunapanda mlima Palgong, na kileleni tutachagua kiongozi mpya. Nani kama si mimi? Basi kaibuka Pyo Geun-seok, jirani yangu muuza viatu, naye anautaka uongozi. Pyo ana miguu ya swala. Mimi nahema hata nikipanda ngazi za stoo. Ila nimesoma kwenye simu: siri si miguu, ni pumzi. Pumua kwa pua tu, mdomo ufungwe. Pyo hasomi vitu virefu.

Ijumaa, 11 Oktoba
Mazoezi ya kukimbia kando ya mto. Nilijaza maji mdomoni ili nilazimike kutumia pua. Vizuri kabisa hadi darajani. Hapo nani? Pyo na kijibwa chake cheupe. Akaniamkia kwa adabu. Nikaitikia kwa kichwa. Akauliza mke wangu hajambo. Kichwa tena. Akauliza kama ni kweli nimemwachia uongozi. Kukataa nilitaka, chafya ikanishika. Kijibwa kililowa chote. Sasa anatangaza soko zima kwamba nina kifaduro.

Jumapili, 13 Oktoba
Maji hayafai. Nikabandika plasta mdomoni, barakoa juu yake. Hakuna aliyejua. Nilitangulia wote, Pyo nyuma yangu akipiga soga. Baridi ya asubuhi ikaniziba pua. Masikio yakavuma, misonobari ikaanza kucheza. Nikasingizia kufunga kamba za kiatu, nikakaa chini. Wote wakanipita.

Bibi Ma, aliyekuwa mkiani, akanikuta. Akanishusha barakoa, akaitazama plasta kitambo, akaibandua kwa mkupuo. Nusu ya masharubu ikaenda nayo.

"Kwani umetekwa nyara, mwanangu?"

Nikamweleza. Alijitahidi asicheke.

"Wewe unavuta pumzi tu, hutoi," alisema. "Toa yote kwanza, taratibu, kama unapoza supu. Ya kuingia itaingia yenyewe. Na ukiona huwezi kuongea, punguza mwendo."

Tukapanda hivyo, tukipoza supu isiyokuwepo. Alinihadithia wanaume aliowahi kuwaona wakizimia kwenye mlima huu, mmoja mmoja, kwa mapenzi makubwa. Majani yalikuwa mekundu hadi bondeni. Miaka yote hii sikuyaona, nilikuwa natazama visigino vya watu. Kileleni tulifika wa mwisho. Pyo alikuwa ameshachaguliwa. Akanimiminia makgeolli, pombe yetu ya mchele, kwa mikono miwili ya heshima, akaniita kaka. Nilikunywa, nikala wali wa mke wake, nikalala juani. Sikuudhika hata kidogo. Ajabu.

Jumatatu, 14 Oktoba
Mdomo unawaka, moyo mweupe. Nimelitafakari sana funzo la Bibi Ma na nimelielewa: plasta ilihitaji tundu. Asubuhi nimewafundisha wateja kupoza supu, nikasema ni mbinu yangu. Mmoja alinunua pazia.

Mchana nimesikia kwamba Krismasi hii Pyo ataimba peke yake mbele ya kwaya ya kanisa lao. Kuimba nako si pumzi tu? Nimekwenda moja kwa moja kujiandikisha, niimbe mimi. Sijawahi kuingia kanisani, lakini mchungaji amefurahi mno kuniona.

Bado hajanisikia.