Ndege Yenye Mkia Mzito

Jumatano, 9 Julai
Ndege imekamilika. Ya rimoti, ya sarakasi, kazi ya mwaka mzima sebuleni. Nimeishika kwa vidole viwili chini ya mabawa kutafuta mizani. Imekaa sawa pale pale karatasi ya maelekezo ilipoagiza. Lesian, mdogo wake mke wangu, naye ni mrusha ndege, akasema basi, hapo hapo shemeji, usiguse kitu. Kwa hiyo nitagusa. Ndege ya sarakasi inataka mkia mzito kidogo ili igeuke haraka. Hata yeye anakubali. Tunagombania hiyo "kidogo".

Alhamisi, 10 Julai
Nimepita kwa fundi matairi wa Lemara kuomba vile vipande vya risasi wanavyobandika kwenye rimu ili gurudumu lisiyumbe. Akauliza gari gani. Nikamwambia ndege. Akanipa vingi, kwa huruma nadhani. Nimebandika vitatu mkiani. Naipanoi, mke wangu, kaitazama, kasema imekaa kama ng'ombe aliyegoma kusimama. Ukoo mzima wataalamu.

Jioni, baada ya mazoezi ya kwaya, Lesian akaniuliza mbele ya watu kama Jumapili, sikukuu ya mavuno, nitathubutu kuirusha tumbo juu kwenye uwanja wa usharika. Nikasema nitathubutu. Ikinishinda naitoa sadaka, ipigwe mnada pamoja na mahindi. Vigelegele. Sauti ya kwanza hasa.

Ijumaa, 11 Julai
Usingizi haukuja. Mwaka mzima wa kazi! Asubuhi Lesian kapita, kaniomba kwa upole nibandue. Mkia ukizidi uzito, anasema, ndege haisikii tena rimoti, inafuata akili zake. Kisu cha kubandulia nilikuwa nacho mkononi tayari. Aliponibembeleza tu, nikaongeza kipande cha nne.

Jumapili, 13 Julai
Ibada, kisha uwanjani. Mavuno yametandazwa kwenye turubai: mahindi, ndizi, maboga, majogoo wawili. Ndege ikapaa. Nikaigeuza tumbo juu. Ikakubali kwa furaha, ikaendelea kugeuka bila kuombwa. Naivuta huku, inakwenda kule. Mwisho ikajikita katikati ya maboga, bawa moja limevunjika.

Nikaenda kuichukua. Mwinjilisti akanizuia. Kilichofika kwenye turubai ni cha Bwana, akasema, tena wewe, Baba Oscar, umetoa kabla hujaitwa. Mnadani nikapanda dau kuikomboa. Lesian akapanda zaidi. Nilipotaka kunyoosha mkono tena, Naipanoi akaushusha.

Jumamosi, 19 Julai
Lesian kaunga bawa, kabandua risasi zangu zote, leo kairusha kule Moshono. Ikapita tumbo juu, imetulia kama sinia la chai mkononi mwa mhudumu. Watu wakapiga makofi. Akaniuliza, umeona sasa, shemeji?

Nimeona. Imetulia mno. Sarakasi gani hiyo, ndege inatii kama mtoto wa kipaimara?

Nimeshaanza kuunda nyingine. Naanza na mkia. Safari hii risasi nimezizika ndani ya ubao. Anayetaka kubandua aje na msumeno.