Estrojeni Kata ya Juu, Projesteroni Kata ya Chini

Haya jembe langu, sogea, simama hapa nyuma ya spika kwenye kivuli. Mheshimiwa mwenyekiti wa halmashauri anazindua kliniki ya akina mama waliokoma hedhi. Utepe mwekundu uko mlangoni, madaktari wamepangwa mstari. Msikie!

"Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi, waheshimiwa makamu wangu, wasaidizi wa makamu wangu na wake wa wasaidizi, viongozi wa dini, wataalamu, stekiholda, na nyie wengine mliosimama, (makofi, yanaanzishwa na dereva wake) itifaki imezingatiwa, na pale isipozingatiwa tutaunda kamati.

Ndugu zangu, faili hili nimelisoma mpaka miwani ikaomba likizo. Mwanamke akikoma hedhi joto linampanda, jasho linammwagika, usingizi unamkimbia, na mume anahamia sebuleni. (kicheko) Wataalamu wakaniambia, Mheshimiwa, dawa zipo, ni homoni mbili, estrojeni na projesteroni, na siri yake ni mizania. Nikasema hapo mmefika kwa mwenyewe! Basi kwa kufuata framiweki shirikishi yenye rodimapu ya muda wa kati, na ili kata moja isije ikanuna kwamba nyingine imependelewa, nimeelekeza estrojeni yote iende Kata ya Juu na projesteroni yote iende Kata ya Chini. (makofi ya dereva peke yake) Nusu kwa nusu! Tathmini inaonyesha kuridhika kwa asilimia mia moja na kumi na mbili, na hizo kumi na mbili ni za wanaume.

(Sauti ya mwanamke: 'We mdogo wangu, hebu ngoja!')

Huyo ni dada yangu mkubwa, fundi cherehani, tumbo moja kabisa, na mnaona sina upendeleo, hata kiti hana.

(Dada: 'Kiti kalia mwenyewe! Mimi nilijinunulia vibandiko vya estrojeni duka la dawa, nikabandika, joto likaisha. Kumbe mwenye kizazi hatumii estrojeni peke yake! Ukuta wa ndani unanenepa, unaweza hata kuleta saratani. Projesteroni ndiyo inayoulinda. Sasa natokwa damu, na hedhi niliiaga zamani. Nifungulie mlango daktari anipime.')

Dada, hayo ya ndani tutaongea nyumbani.

(Dada: 'Nyumbani una projesteroni?' Kicheko kirefu. Dereva naye anacheka, anajiziba mdomo.)

Fidibaki imepokelewa! Lakini dada anakaa Kata ya Juu, na projesteroni ni mali ya Kata ya Chini. Nikimpa leo si mtasema undugu?

(Mzee mmoja: 'Basi mhamishe!' Mwingine: 'Kizazi chake nacho ukigawe kata mbili!')

Tusiingize siasa kwenye homoni. Mimi ndiye kiongozi wa kwanza kutamka neno projesteroni hadharani bila kusoma, na historia itaniandika kwa wino mzito. Nikisema homoni, mseme mizania! Homoni!

(Wachache: 'Mizania...')

Wanawake!

(Dada: 'Mlango!')

Kwa ari hiyohiyo namshukuru muuza magodoro aliyetuazima duka lake hili, ambalo atalifungulia wateja tukimaliza picha. Namshukuru kinyozi kwa makoti meupe, na vijana wa bendi walioyavaa kidaktari vizuri sana. Nalishukuru duka la viatu kwa maboksi yale ya dawa, ambayo naomba msiyatikise maana ni matupu. Kliniki yenyewe, pamoja na dawa za kata zote mbili, iko katika hatua nzuri mno ya kufikiriwa. Asanteni sana kwa kuizindua!"

Utepe umekatwa. Dada alikuwa wa kwanza kuingia, na sasa anatoka katikati ya magodoro, mkono tumboni, huku mpiga ngoma akivua koti jeupe na kukwepa macho yake. "Shikamoo mama," anamnong'oneza, "nenda hospitali leo, usingoje." Mheshimiwa hajaona kitu. Anatabasamu, kamera zimemwelekea, anamkabidhi dada yake kipaza sauti: "Sasa dada atoe neno la shukrani, kwa niaba ya wanufaika."

Kipaza sauti kiko mkononi mwa dada, na mdogo wake anamngoja.

Jembe langu, ungekuwa wewe, ungefanyaje?