Mzeituni wa Kibokoni

Jumamosi, 5 Mfunguo Pili 1329
(Kombe wa posta asema kwa hesabu ya Wazungu ni 1911.)

Mke wangu Afaf bado yuko kwao. Nyumba imepwaya. Nimekula wali wa jana, baridi, nimesimama. Nikiketi natazama mahali pake, chakula hakishuki.

Sababu ya yote haya: mrashi! Mrashi wa fedha wa kunyunyizia marashi, wa marehemu nyanya yake Afaf. Niliuazimisha kwa harusi ya tajiri mmoja wa Ndia Kuu, ili anione mtu, anipe udalali wa nyumba zake. Harusi ikaisha. Mrashi haukurudi. Udalali haukuja. Je, kosa ni langu? Ni la mwizi! Nilimwambia Afaf hivyo hivyo, nikaongeza kwamba mrashi ni mrashi tu, iko mingi duniani. Akajitanda buibui lake akatoka. Hakupiga hata kelele. Afadhali angepiga.

Mkwe wangu, Mzee Aidarus, ametuma neno. Niende nikakiri kosa, ama mwezi ukiandama ataenda kwa Kadhi kumdaia binti yake talaka. Shangazi Mwanabaraka asema neno lenyewe ni moja tu, nimekosa, na halijapata kumvunja mtu jino. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, asema. Nikamwambia mimi nina fimbo ndefu, nitakivuta bila kuinama.

Mto wa Afaf una harufu ya asumini. Siufui.

Jumapili, 6 Mfunguo Pili

Nimepata! Nimepata dawa!

Kombe, karani wa posta, Mrabai aliyelelewa na wamisheni, alikuja barazani jioni. Alikuwa akieleza kisa cha Nabii Nuhu. Kisa nakijua tangu chuo cha Kurani, sihitaji kufunzwa. Ila hilo la njiwa kurudi na jani la mzeituni, maji yakipungua na ghadhabu ikiisha, maalimu wangu alilipita mbio. Kombe asema tangu hapo mzeituni ni alama ya amani. Hata Wazungu wakitaka kupatana, husema wametoleana tawi la mzeituni.

Nikamuuliza tawi kubwa kiasi gani. Kombe akacheka. Akasema hakuna anayelibeba tawi, ni neno tu, maana yake umemwendea mwenzio kwa unyenyekevu. Sikumsikiliza tena. Karani hajui biashara. Neno laweza kukataliwa, tawi mtu hulipokea mkononi.

Nitampelekea Afaf tawi la mzeituni. Atalia, atarudi, na mimi sitakuwa nimekiri kitu!

Nimemuuliza Kombe jani lina sura gani. Yeye kaliona kwenye picha tu. Juu kijani, chini kama limepakwa unga. Tunda la kijani, dogo, na kokwa ndani.

Jumanne, 8 Mfunguo Pili

Mombasa nzima haina mzeituni. Mji gani huu!

Nimeanzia kwa Mhindi muuza dawa. Akanitolea mafuta ya zeituni chupani, ya kuchua mgongo. Nikamuuliza yaliko majani yake. Akaniuliza kama mgongo wenyewe ni wangu. Nikaenda mpaka bustani ya Mzungu mmoja karibu na Ngome, nikachungulia uani. Askari akaniuliza natafuta nini. Nikasema amani. Akanifukuza kwa fimbo.

Nikirudi nimepita kwa Mzee Aidarus. Si njia yangu, lakini nimepita. Nimesikia bangili za Afaf juu darini, anatwanga kitu. Nazijua bangili hizo kuliko sauti ya mamangu. Nikasimama mpaka Taha muuza halua akaniona. Akaniuliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima wa Kibokoni kama nimepotea njia ya kwangu.

Taha! Mkewe alifariki mwaka juzi, na tangu Afaf atoke kwangu anajipaka marashi kila siku. Kila Alhamisi hupeleka sahani ya halua kwa Mzee Aidarus. Ati jirani mwema.

Alhamisi, 10 Mfunguo Pili

Tawi sijapata, lakini nimeona nimfunze njiwa kwanza. Nuhu hakupeleka tawi kwa mikono.

Nimenunua njiwa mweupe sokoni. Nimemfunga uzi wa hariri ya kijani mguuni, badala ya tawi, nikapanda naye darini, nikamwelekeza uso kwa Mzee Aidarus. Nikasoma Bismillahi. Nikamwachia. Akaruka vizuri sana! Akazunguka mara moja, akaenda kutua juu ya paa la Taha.

Kumbe kaanguliwa pale pale. Kila njiwa wa mji huu atoka kwa Taha!

Alasiri Taha akaja barazani na njiwa kwapani, watu wote wameketi. Akasema kwa upole kwamba huyu ndege wangu ana uzi mguuni, na kama nimeanza uganga basi niseme, watoto wawekwe ndani. Watu wakaangua kicheko. Kisha akaniinamia sikioni. Akaniambia nisimwonee kinyongo, yeye ataposa kwa heshima, eda ikiisha. Eda! Mke wangu, na mimi ni hai, wala sijampa talaka!

Nimeingia ndani nikafunga mlango. Nilitaka kula kiapo. Kama Afaf angekuwapo angeniambia nimeze maji kwanza. Nimemeza maji.

Jumamosi, 12 Mfunguo Pili

Sijaonana na mtu. Hata Ijumaa sikwenda msikitini, nilisali nyumbani, Mola anisamehe. Sitaki kumwona Taha mpaka mambo yaive.

Leo alfajiri nimejifunika shuka gubigubi, nikatoka, nikatembea hadi Kibarani. Vichaka vimejaa huko. Nikachomwa na mwiba. Nikatukana. Nikatazama kilichonichoma. Subhana Llah! Jani juu kijani, chini kama limepakwa unga! Tunda dogo la kijani, na kokwa ndani!

Mkunazi. Najua ni mkunazi, mimi si mjinga. Nimekula kunazi tangu utotoni. Lakini tazama sifa zake, moja baada ya moja, zote ni za mzeituni! Mkunazi ndio mzeituni wetu wa pwani. Sijui kwa nini hakuna aliyegundua kabla yangu.

Nimekata tawi zuri. Kwa ajili ya miba nimelizungushia pamba. Nimelifunga kwa kitambaa cha bafta nyeupe mpya, maana amani ni nyeupe. Nimelifukiza udi, nikalinyunyizia marashi. Linanukia! Kwa jinsi linavyonukia, nimelala kidogo kando yake nikamfikiria yeye. Mkono wake baridi akinigusa shingo, akiniambia niamke, nimekoroma.

Jumatatu, 14 Mfunguo Pili

Niandike kwa taratibu.

Alfajiri nimeweka mzigo wangu mlangoni kwa Mzee Aidarus. Hakuna barua. Tawi lajisemea lenyewe. Nikagonga, nikakimbia kujificha nyuma ya ukuta wa msikiti.

Mama mkwe, Bi Mona, akafungua. Akaukunjua mzigo. Majani ya mkunazi. Pamba. Bafta nyeupe. Udi na marashi.

Akapiga ukelele ambao nadhani umefika Zanzibar.

Lahaula! Majani ya mkunazi! Nilifikiri rangi yake, nilifikiri tunda lake, sikufikiri yanatumiwa kwa kazi gani. Kila maiti wa mji huu ameoshwa kwa maji yake. Marehemu babangu nilimtwangia mwenyewe!

Bi Mona akalia kwamba mimi, Zein, nimekufa. Tangu Alhamisi sijaonekana, Ijumaa sikusali na watu, nimekufa peke yangu ndani, na majirani wameleta vitu vya kuniosha na kunivika sanda kwa sababu mke ndiye mwenye haki ya kumwosha mumewe. Wanawake wa nyumba ya pili wakaitikia. Mtaa ukafunguka madirisha. Taha akatokea mbio, na jeneza la msikiti amekwisha lishika upande mmoja, anaita watu washike upande wa pili. Sijapata kumwona na bidii kiasi hicho.

Kisha nikamsikia yeye. Afaf. Akilia. Si kilio cha kuitikia wenzake, ni kilio chake. Alisema mumewe amekufa na njaa, kwa sababu hajui hata kuwasha jiko. Alisema ni yeye aliyemwacha. Aliniita Zein wangu.

Zein wangu! Kama ningekuwa maiti kweli ningefufuka!

Nikatoka nyuma ya ukuta nacheka, mikono nimeinua. Bi Mona akazirai. Taha akaliachia jeneza likamwangukia mguu. Afaf akasimama mlangoni, mtandio umemteleza, macho mekundu. Akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni kama anayekagua mtungi kama una ufa. Alikuwa karibu kunigusa. Mkono ulikwisha nyanyuka.

Akaniuliza polepole kama nimekuja kusema neno.

Nikamwambia nimekuja kwa habari ya Nabii Nuhu. Nikamweleza safina, maji, njiwa, jani, na jinsi nilivyogundua kwamba mkunazi ni mzeituni. Nilieleza vizuri sana. Nilipofika kwa njiwa wa pili, yule wangu, mlango ulikuwa umefungwa.

Jumatatu, 28 Mfunguo Pili

Majuma mawili sina hamu ya kalamu. Barazani wananiita Marehemu. Marehemu, karibu kahawa. Marehemu, mvua itanyesha?

Leo Shangazi Mwanabaraka amekuja mbio, buibui upande. Afaf amemtuma kwa siri. Kesho baada ya Alasiri atakuwa dirisha la chini. Hahitaji mrashi, hataki tawi wala ndege. Nipite tu niseme nimekosa, hata kwa sauti ndogo, na yeye atatoka saa ile ile afuatane nami nyumbani. Baba yake hatamzuia. Lakini ni kesho, maana mwezi wa kesho ukionekana Mzee Aidarus hatangoja tena.

Shangazi kaniapisha nitakwenda. Nimeapa. Nimefagia nyumba, nimejaza mitungi, nimenunua asumini. Ewe Mola, ifanye kesho ifike upesi!

Jumanne, 29 Mfunguo Pili

Nilikuwa njiani. Wallahi nilikuwa njiani, kanzu safi, kofia mpya. Nilikuwa nikilijaribu neno mdomoni, linakwama tu, kama mwiba wa samaki. Hapo nikakutana na Kombe, ametoka Kilindini na mifuko ya posta. Kwa mazungumzo tu akasema meli ya moshi inaondoka jioni hii kwenda Suwesi, na mpishi wake ni Mwarabu wa Sham, kwao wana shamba la mizeituni.

Mizeituni! Ya kweli!

Nikaona kosa langu lote kwa mara moja. Kosa langu lilikuwa mti! Shauri lenyewe halikuwa na kasoro hata chembe.

Nikapita mbele ya dirisha la Afaf nikikimbia. Lilikuwa wazi, na vidole vyake vyenye hina vimeshika nondo. Nikamwashiria angoje kidogo. Nikapanda toroli la abiria la relini, nikamhimiza msukumaji mpaka akaniapiza. Nikampata mpishi ngazini mwa meli! Ameahidi mche, mzima, na udongo wake, safari ijayo, Mungu akipenda.

Nimerudi Magharibi. Dirisha limefungwa. Watu walikuwa chini ya Ngome wakitazama mwezi, na wameuona. Mzee Aidarus amepita na joho lake, akanijulisha bila kusimama kwamba kesho asubuhi tutaonana kwa Kadhi. Vyema. Nitawahi mapema nimweleze Kadhi habari ya Nuhu.

Shangazi ameketi barazani kwangu analia. Asema Afaf alikaa pale dirishani tangu Alasiri hata adhana ya Magharibi, na alikuwa amejitia wanja. Wanja! Kwa ajili yangu! Moyo ulitaka kunipasuka kwa furaha. Basi bado anipenda, na apendaye hashindwi kungoja.

Mpishi asema mche ukishika vizuri, tawi la kukatwa laweza kupatikana baada ya miaka mitano, labda sita. Nimekwisha chimba shimo uani, karibu na kisima. Nimelimwagia maji.